Kabla Hujaweka Jina Lako kwenye Ripoti ya Ijumaa

Ruiru, Jumanne jioni

Nyambura, mwanangu, na mama yangu kwa jina,

Umetoka sasa hivi kwenda Kahawa Sukari kumuaga tata yako Wangari, nami namjua huyo dada yangu. Hatakuachilia kabla hujala mara mbili. Kwa hiyo meza hii ni yangu kwa saa chache. Mambo ya chakula, kanisa na majirani wanaoazima vitu bila kurudisha nimeshakuambia mpaka ukaanza kunimalizia sentensi, na sitayarudia. Kuna jambo moja ambalo sikulisema, na ndilo lililonifanya nitafute kalamu.

Mchana ulifungua kompyuta yako ukanionyesha mradi unaokwenda kushika ratiba yake huko Kitale. Ulikuwa na furaha ile ya siku ya matokeo ya mtihani. Ukanionyesha picha ya hosteli ya wanafunzi, orofa nne, madirisha yakiwa bado matundu. Ukanionyesha ratiba, kazi moja chini ya nyingine, kila moja na kipande chake cha rangi, zikishuka kama ngazi. Kisha ukafungua grafu. Ukasubiri niseme kitu, nami nikanyamaza.

"Mum, mbona umenyamaza?"

"Chai imepoa."

Chai ilikuwa moto. Niliona kitu ambacho sikukipenda, na sikutaka kukuondolea ile furaha kabla sijajua kama nina haki ya kuiondoa.

Unakumbuka wanawake wa kanisa letu waliponiuliza hii programu yangu ya kazini, ya ratiba za ujenzi, huhesabu nini? Tulikuwa jikoni, siku ya harusi ya mtoto wa kasisi. Nikawaambia, tuseme mmepanga kwamba wageni wakifika, chapati mia ziwe zimeiva. Wageni wamefika. Kwanza, zilitakiwa kuwa ngapi? Mia. Pili, unga na mafuta mliyotumia yangetosha chapati ngapi? Mia na zaidi. Tatu, zilizo kwenye sinia ni ngapi? Sitini. Hizo sitini, kwa bei ile mliyozipangia tangu mwanzo, ndizo thamani mliyoipata. Unga uliokwisha hauhesabiwi, moshi hauhesabiwi, wala jasho. Inahesabiwa sinia. Mama mmoja akauliza, "Na zile zilizoungua?" Nikamjibu, "Hizo huwekwa chini ya zile nzuri, na ndiyo sababu mtu kama mimi huandikwa kazi." Walicheka mpaka mmoja akaunguza nyingine.

Kwenye grafu yako, mstari wa kazi iliyopangwa na mstari wa thamani iliyopatikana imelaliana. Imelaliana tangu mwezi wa kwanza hadi huu. Ulidhani uzuri uko hapo, na mtu asiyeijua kazi hii angedhani hivyo hivyo. Mimi sijawahi kuona jengo la namna hiyo. Mvua hunyesha. Lori la simiti hukwama. Fundi hufiwa na mjomba akaenda mazishini, na wenzake watatu wakaenda naye kwa sababu ni mjomba wao pia. Mistari ya kweli huachana, hukaribiana, huachana tena, kama watu wawili wanaotembea pamoja na mmoja ana kiatu kinachombana. Ile ya Kitale inatembea kama mtu na kivuli chake.

Kisha ukashuka kwenye jedwali la watu na mitambo, ukapita haraka, lakini jicho langu lilibaki nyuma. Mafundi wa mawe kumi na wawili wiki ya kuchimba msingi. Kumi na wawili wiki ya kumwaga slabu, ile zege ya sakafu. Kumi na wawili wiki ambayo, kwa ratiba hiyo hiyo, hapakuwa na ukuta wa kujengwa. Watu wa mkono, wale vibarua wa kubeba, nao ni wale wale kila wiki, hata siku ya slabu, ambayo wewe mwenyewe umeiona hapa Ruiru: uwanja hujaa watu, karai zinapita mkono kwa mkono hadi juu, na asiye na kazi hupewa ndoo ya maji. Mtu aliyeandika jedwali lile hakumwona mtu hata mmoja. Au alimwona, na akaandika kitu kingine.

Chini kabisa ya ripoti niliona maneno "Imetayarishwa na", na mbele yake jina lako. Hujafika Kitale bado, mama. Hujaona jiwe la jengo hilo. Wao wameshakuandika.

Ulisema aliyekuwa kwenye kazi hiyo kabla yako aliondoka ghafla na kwamba Injinia Barasa, mkubwa wako mpya, hakueleza zaidi. Ulisema ripoti ya kwanza inatakiwa Ijumaa, na wewe unaripoti kazini Alhamisi. Ulisema chumba wameshakulipia. Uliyasema haya kama baraka. Mimi nilikuwa nayapanga kichwani upande mwingine, moja juu ya jingine, na yalipangika vizuri mno.

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize, kwa sababu mambo yanapopangika vizuri kichwani mwangu, huwa natakiwa kujiogopa mimi kwanza.

Nilipokuwa shuleni Thika, tulikuwa na mwalimu wa Kiswahili aliyetutaka tuandike sentensi inayoeleweka mara ya kwanza. Nilimpenda sana. Nilinakili kila kilichokuwa ubaoni kwa mwandiko safi, hata siku alipokosea tarehe. Msichana wa nyuma yangu aliona kosa akacheka. Mimi nilipata vema kwenye daftari, na kosa likiwa ndani. Tabia hiyo niliibeba hadi kazini. Nikamaliza masomo ya jioni ya programu ya ratiba, nikaandikwa kazi katika uwanja wa ujenzi wa nyumba za Membley, hapa hapa Ruiru, na kazi yangu ikawa kunakili.

Msimamizi wa mafundi alikuwa Kariuki, mtu mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Kila Ijumaa alinipigia simu akanitajia kila kazi imefika asilimia ngapi. Mimi niliandika, programu ikageuza asilimia kuwa thamani, mkurugenzi akapata grafu yake. Mabomba ya maji yalikuwa tisini. Wiki iliyofuata, tisini. Iliyofuata tena, tisini.

"Kariuki, hii tisini yako haina miguu?"

"Mama Nyambura, hiyo kumi imebaki ni ya kupangusa tu."

"Kupangusa mwezi mzima?"

"Wewe andika. Kwani kompyuta itakuja kuangalia?"

Nikaandika. Ofisi yangu ilikuwa kontena ndani ya uwanja huo huo. Ningeinuka kitini ningefika kwenye mabomba hayo kabla Kariuki hajakata simu. Sikuinuka. Walipofungulia maji, yalishuka kupitia dari ambazo zilikuwa zimeshapakwa rangi. Mabomba yalikuwa yamelazwa kweli, ila hakuna aliyeyapima kwa presha kabla ya kuyafunika. Kariuki hakuwa mwizi. Kwake bomba lililolazwa limekwisha kazi. Sisi wawili hatukuwa tumekaa chini hata siku moja tukakubaliana kazi ihesabiwe lini. Zile dari zilibomolewa, na kila ubao ulioanguka ulikuwa thamani niliyokuwa nimeshaitangaza kuwa tumeipata.

Kuanzia hapo nikawa mtu wa kushuku. Nilidhani nimekomaa.

Habari ya Kamande unaijua nusu. Ulikuwa darasa la tatu, na nilikuambia tu kwamba fundi wa stima aliyekuwa akikuletea njugu ameacha kazi. Nusu ya pili ni hii.

Kampuni ilikuwa na uwanja mwingine Thika, nyumba za wageni upande wa maporomoko ya Chania. Kamande ndiye peke yake aliyekuwa na leseni ya kufunga stima. Nikampangia Membley wiki nzima, na Thika wiki hiyo hiyo. Programu ikachora kijimtu chekundu kando ya kazi zake. Unakijua kijimtu hicho. Hakina maneno mengi, kinasema tu kwamba mtu mmoja umempa kazi ya watu wawili. Mkurugenzi alikuwa njiani kuja kuangalia ratiba, na hakupenda kuona nyekundu. Ningeweza kusogeza kazi za Thika mbele. Ningeweza kuomba fundi wa pili. Badala yake nilifungua jedwali la watu, pale palipoandikwa kwamba Kamande anapatikana kwa asilimia mia, nikaandika mia mbili. Kijimtu kikatoweka. Mkurugenzi akatazama, akasema, "Sasa hii ndiyo ratiba."

Kamande alizisikia habari hizo. Akapita kwenye kontena na roli ya waya begani.

"Mama Nyambura, ati kwa kompyuta niko wawili?"

"Nani amekuambia?"

"Huyo mwingine. Mwambie akuje basi tujuane. Na abebe ngazi, yangu imechoka."

Tulicheka wote. Nilicheka, Nyambura, na sikubadilisha ile mia mbili.

Wiki zilizofuata, saa zilizotumika kwenye stima zilipanda, na thamani ya kazi iliyofanyika ikalala pale pale. Programu ilinionyesha pengo hilo waziwazi. Ilikuwa inasema kweli. Mimi ndiye niliyeisoma vibaya, kwa sababu nilikuwa na ushuku wangu mpya nikautafutia mtu. Nikaanza kumchunguza Kamande. Mbona amefika jua limepanda? Mbona ameondoka kabla ya wenzake? Mbona simu yake haishikwi mchana? Kila jibu alilonipa lilinitosha kama ushahidi. Nikaamua anafanya kazi za watu binafsi kwa saa zetu na kwa waya wetu. Nikamwambia mkurugenzi, naye akamfukuza langoni mbele ya watu wote. Mlinzi aliambiwa apekue mkoba wake. Ulikuwa na koleo, bisibisi za kupimia stima na nusu mkate.

Siku hiyo hiyo nikaenda kumwondoa kwenye jedwali. Programu ikaniuliza kazi zake zipewe nani. Nikafungua kuangalia ni kazi ngapi, na pale juu ya jina lake ikanitazama ile mia mbili yangu. Nikakaa. Saa zile zote zilizopotea zilikuwa za barabarani, kati ya Ruiru na Thika, asubuhi na mchana, mtu mmoja akikimbia huku na huku kumfuata Kamande wa pili ambaye nilimwumba mimi.

Nilimfuata Thika, nikamkuta mtaa wa Makongeni akifunga taa katika saluni. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi mazuri.

"Kamande, nimekuja kukuambia ni mimi."

"Najua ni wewe. Nani mwingine alikuwa ananiuliza kila siku niko wapi?"

"Mbona hukuniambia ulikuwa safarini?"

"Uliniuliza niko wapi. Hukuniuliza nimetumwa wapi." Akashuka kwenye ngazi akafuta mikono. "Ungekaa chini tu uniulize, Mama Nyambura, kama mtu. Ningekwambia nimechoka. Sasa huko kwenu nitarudi siku mkikubali kuwa niko mmoja."

Nilimweleza mkurugenzi ukweli wote. Akaniambia nimalize ripoti. Kamande hakurudi, na mimi nilibaki kwenye kontena lile hadi nyumba za mwisho zikapata watu. Watu wakisema kwamba hao wa Membley wana taa nzuri, mimi husikia mengine.

Kwa hiyo nilimwamini Kariuki bila kuyaona mabomba, kisha nikamshuku Kamande bila kujiangalia mimi mwenyewe. Ukiyaweka pamoja, mama, utaona kwamba makosa haya mawili yanafanana kuliko yanavyoonekana. Mara zote mbili sikuinuka kwenye kiti.

Leo pia nimekuwa kitini. Ulipokwenda kuoga mchana, nilimpigia simu mtu ninayemjua, anayepeleka vifaa vya ujenzi huko magharibi. Nikamtajia kampuni yako. Akasema, "Hiyo? Hmm," kisha akaniuliza afya yangu. Nimeizungusha ile hmm kichwani mchana kutwa. Nikamtafuta Injinia Barasa kwenye simu nikaona picha yake. Amevaa kofia ya uwanjani isiyo na doa hata moja, na nikajikuta nasema kwa sauti, "Unaona?" Ningemwona na kofia chafu, nadhani ningesema vile vile.

Nikafika mbali zaidi. Nilikuwa nimeshapanga kukuambia kwamba presha yangu imepanda na kwamba ni vizuri usubiri wiki moja. Nilikuwa nimeamua hata jina la daktari nitakayemsingizia. Nakuandikia haya ili ujue ni mtu wa namna gani anayekupa ushauri.

Maana inawezekana hakuna mwizi Kitale. Wewe unajua kile kitufe kwenye programu, cha kuambia mradi wote ujisasishe hadi leo. Ukikibonyeza, programu hudhani kila kitu kimekwenda kama kilivyopangwa, inazijaza asilimia yenyewe, na mistari inalaliana kama ile niliyoiona. Mtu mvivu hukibonyeza. Mtu aliyeachiwa viwanja vitatu peke yake hukibonyeza. Mtu aliyekatazwa kwenda uwanjani hukibonyeza pia. Huyo aliyekutangulia huenda alikuwa mmoja wa hao, akaona aibu, akaondoka. Huenda Barasa mwenyewe hajui, na amekutafuta wewe kwa sababu anahisi kitu hakiko sawa. Huenda pia anajua sana, na anamtaka msichana mgeni, mwenye cheti kipya, wa kubeba jina. Kwenye grafu, watu wote hawa wana sura moja. Hapa Ruiru siwezi kuwatenganisha. Wewe pia huwezi, mpaka ukanyage pale.

Ninachokuomba ni kidogo. Usimwite mtu mwongo kwa sababu ya mistari miwili. Usimwite mkweli kwa sababu hiyo hiyo. Mwombe Barasa, kwa adabu, ripoti ya kwanza isubiri hadi umepita jengo lote kwa miguu, kutoka msingi hadi juu, na mtu wa pale akuonyeshe kilichokwisha nawe ukishike kwa mkono. Kubaliana naye, kwa maneno yasiyo na mzunguko, ukuta huhesabiwa lini na bomba huhesabiwa lini. Ukitaka kujua watu walikuwa wangapi wiki ya slabu, nunua githeri kwa mama anayewauzia mafundi chakula na mpige gumzo, kisha muulize msimamizi, kisha angalia jedwali, na wakitofautiana usikimbilie kuamua ni nani anayedanganya. Muulize kila mmoja alitumwa wapi. Kijimtu chekundu kikitokea, kiache kiwe chekundu mpaka mtu mwenye mamlaka aje akione. Kupendwa na mkurugenzi kwa ratiba isiyo na nyekundu ni raha ya mchana mmoja.

Na jina lako ukalitoe pale chini. Si kwa hasira. Litoe tu, useme utalirudisha ukimaliza kuangalia. Jina hilo lilikuwa la mama yangu kabla halijawa lako, alilitumia kwa uangalifu maisha yake yote, na sikukupa ili likakae chini ya hesabu za mtu usiyemjua.

Wakikufukuza kwa hilo, rudi. Wanafunzi wawili wameshaniuliza kama nitapangisha chumba chako. Nimewaambia kina mtu.

Nasikia geti. Nitaendelea.

*

Umeshaingia kuoga, nami naendelea, kwa sababu barua imebadilika na sitaki kuirarua.

Uliingia na bakuli la Wangari mkononi, ukaliweka juu ya meza, ukaona karatasi, hukuuliza. Ukavua viatu. Ukasema, kama mtu anayeuliza habari ya chumvi:

"Mum, si uliiona ile graph?"

"Graph ipi?"

"Aki wewe. Usijifanye."

"Niliiona."

"Na ukaniambia ati chai imepoa."

"Sikutaka kukuharibia siku."

"Mimi nilikuwa nakutegea." Ukakaa, ukacheka kidogo, huku ukilizungusha lile bakuli mezani. "Niliiona Jumamosi. Nikasema labda ni mimi sielewi, labda projects zingine hukuwa hivyo. Nikaamua nitaweka mbele ya Mum bila kusema kitu. Akiona, basi iko. Halafu ukanyamaza! Nimekaa kwa tata nikimeza chakula kama mawe. Nikajiambia, kama Mum hajaona, basi mimi ndio nina ushuku mbaya."

"Ushuku huo umeutoa wapi?"

"Unaniuliza swali gani hilo?"

Tukacheka, mama. Nilitaka kukuambia habari ya presha yangu, na ulimi ulikuwa tayari. Nikakuuliza badala yake, kama mtu, "Unafikiria kufanya nini?"

Ukanipa simu yako. Ulikuwa umemwandikia Injinia Barasa kutoka kwa Wangari, saa hiyo hiyo ambayo mimi nilikuwa hapa nikikufundisha cha kumwandikia. Ulimwambia kwa heshima kwamba hutaweza kutuma ripoti ya Ijumaa kabla hujatembea jengo lote na kuelewa takwimu za miezi iliyopita, na kwamba ungependa jina lako litolewe hadi wakati huo. Sentensi zako zilikuwa fupi na zilieleweka mara ya kwanza. Hukumtaja aliyekutangulia hata kidogo. Hukumshtaki mtu.

"Amejibu?"

"Shuka chini, hapo kwa simu."

Alikuwa amejibu kwa mstari mmoja: "Sawa Nyambura. Tutatembea Alhamisi. Kuja na gumboots, huku ni matope tupu."

"Unaonaje, Mum?"

Nilikuambia ni jibu zuri. Ni kweli, ni zuri. Lakini tangu uingie bafuni nimeusoma ujumbe huo kichwani mara kadhaa, na siwezi kuacha nilivyo kwa jioni moja. Hakusema lolote kuhusu jina. Hakuuliza takwimu zina nini. Mtu mwaminifu angeweza kuandika hivyo akiwa na haraka na mikono ya udongo. Mtu mwingine pia angeweza, akiwa na muda wa kutosha wa kufikiri. Natumaini ni yule wa kwanza. Nimeona nilivyo mwepesi wa kutotumaini, kwa hiyo safari hii nalichagua tumaini kwa makusudi, huku nikiwa macho.

Sitampigia simu. Yule wa hmm nitamwambia asante na basi. Presha yangu iko sawa, usishtuke ukisikia nimewahi kutaka kuisingizia.

Nimetoa gumboots zangu kutoka stoo nikazisafisha kwa kitambaa. Zinakuzidi kidogo, utavaa soksi mbili. Basi la Kitale litakushusha Alhamisi alfajiri, na utatamani kumtazama usoni yule atakayekuja kukupokea, kama ambavyo ningefanya mimi, utafute kitu machoni pake. Usianze na uso wake. Tazama chini. Ukikuta matope, basi jambo moja alilokuandikia ni la kweli, na umeliona kwa macho yako. Andika hilo moja. Kisha mwambie akuonyeshe msingi.

Mama yako,
anayekusikia ukiimba bafuni